Laini za Majivu za Uwanja wa Majani Mabichi

Faith, wewe ndiye uliyeniuliza, kwa hiyo haya ni yako kwanza. Siku ulipopokea funguo za stoo ulitaka kujua kamba ya kupigia laini inawekwa wapi, nami nikakujibu, "Nyuma ya mlango," kisha nikaenda zangu kunywa chai ya kuagwa. Baadaye nikiwa nyumbani nakamua ng'ombe, nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno. Kamba ile ina mambo yake. Basi nimeandika ninayoyakumbuka ya miaka yangu katika ofisi ya ustawi wa wafanyakazi ya kiwanda chetu cha chai, na hasa ya timu ya Majani Mabichi na uwanja wake, ambao leo ungekuwa msitu wa mikaratusi kama mambo yangeenda yalivyopangwa. Habari za kupandishwa cheo hazinitoshi kujaza hata nusu ukurasa, kwa hiyo tuziache.

Niliajiriwa kufagia ofisi na kupika chai ya saa nne. Nilikuwa msichana mbichi kutoka vijiji vya huku Roret, nimevaa sketi niliyoazimwa na dada yangu, na nilidhani ofisi ya ustawi ni mahali pa kuandika barua. Kabla sijamaliza kufagia chumba cha kwanza, karani akaniambia niache ufagio nishuke uwanjani, kuna mzee anahitaji mtu wa kumshikia kamba. Huko ndiko nilikomkuta Mzee Nyamweya, mtunza uwanja, Mkisii mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua, hata kanisani.

"Unajua mpira?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Wenye wanajua ndio wananisumbua. Shika hapa na usiachilie, hata nyuki akikuja."

Nikashika. Nyuki hakuja, ila baridi ya asubuhi ilikuwa imenikaza vidole, na mzee hakuwa na haraka. Alikuwa na vigingi vya chuma, kamba ya katani iliyopakwa nta, na mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa matundu chini. Alikuwa akitembea kinyumenyume, akiutikisa mkebe wenye chokaa juu ya kamba, na chini ya kamba ile mstari mweupe ukabaki umenyooka vizuri. Nilipoona kona ya kwanza imekamilika nilifurahi kana kwamba mimi ndiye niliyeichora. Tangu siku hiyo chai ya saa nne ilichelewa mara nyingi, na karani alilalamika hadi akastaafu.

Mzee ndiye aliyenisimulia historia ya timu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameijali. Ilianza na watu wa boila, wanaochochea moto wa kiwanda, kushindana na watu wa chumba cha kunyaushia majani, pale malori yanapogeuzia. Kipa wa boila alikuwa akicheza amevaa gambuti, viatu vya mvua. Waliposhindana hadi wakavunja kioo cha lori, meneja wa wakati huo aliwaonyesha mteremko ulio chini ya kiwanda, ambako michai ilikataa kuota kwa sababu maji yalikuwa yakisimama sehemu ya chini. Wakang'oa visiki, wakachimba mitaro, wakapanda nyasi, wakajiita Majani Mabichi. Timu nyingine zilikuwa zikijiita simba na chui, yetu ilikuwa majani tu, na mzee alisema jina hilo lilitusaidia, kwani hakuna aliyetuogopa hadi dakika za mwisho.

Uwanja wenyewe umeinama, hilo unalijua. Wageni wakifika huangalia, huangaliana, kisha huuliza kama kuna uwanja mwingine. Kuna goli la juu na goli la chini. Nahodha wetu akishinda kura, siku zote huchagua kupanda mlima kipindi cha kwanza. Wageni hufikiri ni ujinga. Lakini mvua ya huku hufika alasiri, na ikifika, mpira hauwezi kupanda tena. Mtu anaupiga, unaenda kidogo, unafikiria, unarudi. Wakati huo sisi tunateremka. Nakuomba usimweleze mgeni yeyote jambo hili.

Jambo jingine aliloniwekea mzee siku ile ya kwanza ni sheria ya kuzunguka. Uwanja ukishapigwa laini, asiyecheza hakatizi katikati. Awe nani, avae viatu gani, atafuata laini ya pembeni hadi kona, azunguke goli, ndipo apite. Sababu zake zilikuwa za kawaida: viatu hufuta laini, na visigino hutoboa mashimo ambayo maji hukaa. Nilimwona kwa macho yangu akimzungusha meneja pamoja na mgeni wake aliyevaa suti. Aliyekatiza alipewa mkebe apige upya laini aliyoikanyaga, watu wakimtazama, na aliyeadhibiwa mara nyingi kuliko wote alikuwa nahodha wetu wa siku hizo, Koskei.

Koskei alikuwa kijana wa kwenye mizani, pale wakulima wanapopimiwa majani yao. Mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Alikuwa anapenda timu ile hadi mama yake akasema heri angeoa mpira. Uvumilivu tu ndio hakuwa nao. Akichelewa mazoezini alikuwa anashuka mbio kutoka kwenye mizani na kukata uwanja katikati, na mzee alikuwa anamngojea upande wa pili na mkebe mkononi.

Sasa nifike kwenye habari ya ng'ombe, ambayo najua umeisikia ikiwa imeongezwa chumvi. Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunacheza na timu ya Mulot, chokaa ikawa imeisha, na Mzee Nyamweya amekwenda kwao Kisii kwenye mazishi. Asubuhi ya mechi uwanja ulikuwa hauna hata laini moja. Koskei akapotea, akarudi na gunia begani. Ilikuwa mbolea nyeupe ya chembechembe, ile ya kuwekea mahindi yakishafika magotini, aliyoitoa stoo kwa mama yake.

"Kapteni, hiyo si fataliza?" nikamuuliza.

"Si ni nyeupe? Refa ataonja?"

Tukapiga laini. Nasema ukweli, sijawahi kuona laini nzuri kama zile, zilikuwa zinang'aa. Ikanyesha kipindi cha pili kama kawaida, mbolea ikayeyuka, refa akamalizia kwa kukisia, tukashinda, Mulot wakapanda gari lao wakinung'unika, na sisi tukasahau kabisa.

Nyasi hazikusahau. Baada ya majuma machache, kila mahali palipopita mbolea pakaota nyasi nene, za kijani cha kuiva, zilizosimama juu ya nyingine. Jirani yetu wa karibu alikuwa mkulima mmoja aitwaye Mama Taprandich, mwenye ng'ombe wakubwa wasiojua ua ni nini. Jumamosi moja mechi ikiwa inaendelea, wakaingia kupitia upande wa goli la chini. Hawakutawanyika. Walianzia kwenye kona, wakafuata laini ya goli wakila, wakapinda kwenye boksi, wakalizunguka boksi lote kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, huku wachezaji wamesimama na refa ameshika kiuno. Mzee Nyamweya alikuwa amekaa kando yangu.

"Hao wanajua boksi kuliko mabeki wetu," akasema.

Mama Taprandich alipokuja kuwachukua alicheka hadi akakaa chini. Nyumbani kwa kina Koskei hakukuwa na kicheko, kwa sababu mahindi ya mama yake mwaka ule yalibaki ya manjano. Ila jina lilimganda. Hadi leo kuna wazee wanaomwita Fataliza.

Baada ya hapo mzee akasema hatutaki tena kitu cha kununua wala cha kuiba kwa mama. Akaenda boila. Unajua boila yetu inakula kuni mchana kutwa, na majivu yake yalikuwa yakitupwa tu nyuma ya ukuta. Alinifundisha kuyachagua, nami nakufundisha wewe. Chukua majivu ya juzi, usichukue ya leo, kwa sababu ya leo huficha moto ndani. Yachekeche kwenye wavu uliochakaa wa kuchekechea unga. Yaweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Na usipige laini nyasi zikiwa zimelowa.

Hilo la mwisho tulilijifunza kwa kuumia. Siku moja kulikuwa na mvua ya asubuhi, msaidizi fulani wa muda akapiga laini akiwa na haraka, na kipa wetu Onsongo, jamaa wa boila mwenye mikono mirefu, akajitupa mara nyingi kwenye laini ya goli. Majivu yakilowa huunguza ngozi polepole, na mtu hasikii mpaka yamekwisha kula. Alipotoka, paja lilikuwa limebabuka kuanzia juu hadi karibu na goti. Wenzake wakataka kumpaka mafuta ya kupikia. Niliwafukuza, nikammwagia maji safi mengi, nikaendelea kumwagia hadi akaniomba niache kwa sababu ya baridi. Sikuacha. Alipona, ingawa alama ilibaki, na alikuwa anapenda kuwaonyesha watu akidai ni ya chui. Kwa hiyo sanduku la huduma ya kwanza likiwa halina kitu kingine, liwe na maji.

Kuhusu jezi: huku kwetu nguo ya kufuliwa Jumapili inaweza kufika Ijumaa ikiwa mbichi. Nilikuwa nikizianika chumba cha boila, juu ya mabomba, mbali na majani. Zilikuwa zinakauka vizuri ila zinanuka moshi. Tulipokwenda kucheza Mulot, tumebebwa na lori la majani, nyavu za kubebea majani zikiwa bado zimetundikwa ndani, mzee mmoja wa kule alituambia alijua tumefika kabla lori halijazima injini. Safari hiyo ndiyo Onsongo alivunjika mguu. Upepo wa Mulot na vumbi lake, huwezi kuona mpira unatoka wapi. Aligongana na mshambuliaji wao na sote tukausikia mfupa. Lori likamkimbiza Longisa hospitalini. Koskei alivaa glovu akasimama golini hadi mwisho, akafungwa mabao ambayo nyanyangu angeyazuia, kisha akaenda Longisa akakaa na mwenzake hadi alipotiwa chuma mfupani na kuwekewa plasta. Alirudi kazini akiwa na jezi ileile. Namtaja hapa kwa wema huo makusudi, kwa sababu nitakayoyasema mbele yanaweza kukufanya umchukie, nami sitaki umchukie.

Miaka ilikwenda hivyo. Niliolewa, nikamzaa Chebet, watu wakaanza kuniita Mama Chebet, na kamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Mzee Nyamweya alipostaafu hakutaka sherehe. Tulipiga laini pamoja mara ya mwisho, yeye akaanzia kwenye kigingi kilichozikwa kwenye kona ya chini, ile iliyo upande wa mto. Anzia hapo kila mara. Ukianzia kwingine boksi litapinda. Alipomaliza akaikunja kamba akanipa.

"Usiwaachilie wapite katikati," akasema. "Mtu yeyote. Hata mimi nikirudi."

Hakurudi. Aliugua huko kwao, na nilipofika Kisii nilikuwa nimekwenda kumzika. Walikuwa wamemwekea kofia yake ya sufu juu ya jeneza. Nililia kuliko nilivyomlilia baba mzazi, na sioni aibu kuliandika.

Kisha ukaja ule wakati wa ugonjwa, mikusanyiko ikakatazwa, na mechi zikasimama. Ruhusa iliporudi, timu haikurudi. Wengine walikuwa wameachishwa kazi, wengine wamehamia kwao, na mashine za kuchumia kwenye mashamba makubwa ya jirani zilikuwa zimewafukuza vijana wengi ambao wangekuja kucheza. Nyasi zikapanda hadi kwenye paja. Sikuwa na sababu ya kupiga laini. Nilikuwa napita pale asubuhi nikitazama upande mwingine, kwa sababu uwanja ule ukiwa vile ulinitia uchungu.

Koskei wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwenyekiti wa wakurugenzi, amechaguliwa na wakulima wenyewe, ambao ndio wenye kiwanda. Mimi niliendelea kumwita kapteni. Akaja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wageni, akazungusha kofia mikononi.

"Mama Chebet, kuni imekuwa shida kubwa. Boila inakula na sisi hatuna msitu."

"Najua, kapteni."

"Ile kiwanja imekaa bure. Chini kuna maji, bulugamu inapenda maji. Tunataka kupanda kabla mvua ianze."

"Na timu?"

"Timu gani? Nionyeshe hata mtu mmoja anafunga kamba ya kiatu."

Sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Akainuka taratibu, akasema wakulima ndio watakaoamua kwenye mkutano wao, lakini yeye atawaomba wakubali, kwa sababu kiwanda bila kuni ni nyumba tu. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Miche ya mikaratusi, hiyo bulugamu yake, ikaletwa, ikawekwa stoo kwangu kando ya nyavu za magoli. Niliimwagilia maji kila asubuhi. Miche haikuwa na kosa.

Nilijaribu kutafuta timu. Nikawaendea vijana wa bodaboda stendi, nikawaendea wachumaji, nikaenda hata kwa vijana wa kwaya. Wote wakanijibu kwamba watacheza wakionyeshwa uwanja. Ofisini nikaambiwa uwanja utabaki wakionyeshwa timu. Nilizunguka katikati ya majibu hayo mawili hadi nikachoka, na nikaanza kuzoea wazo kwamba nitastaafu nikiangalia miti.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Hata michai ilisinyaa, na watu wa mizani walikuwa wanakaa wakipiga miayo. Wenye mifugo walikata nyasi ndefu za uwanjani wakazibeba kwa mikokoteni, na zilizobaki zikakauka, zikawa za rangi ya gunia. Jumapili moja nilikuwa natoka kanisani, nikipitia barabara ya juu inayopita nyuma ya goli la juu. Nikatupa macho chini bila kutaka. Nikasimama.

Uwanja wote ulikuwa umekauka isipokuwa laini. Laini ya pembeni, ya goli, boksi kubwa na dogo, duara la katikati, zote zilikuwa kijani. Udongo wetu wa chai ni mchachu, na majivu tuliyokuwa tukiyamwaga mahali palepale miaka yote ile yalikuwa yameutuliza. Pakawa pameota majani yale madogo ya mviringo yanayopendwa na ng'ombe, yenye mizizi mirefu, na jua halikuyaweza. Kila mahali mzee alipotembea kinyumenyume na mkebe wake palikuwa na majani yaliyosimama. Niliketi kando ya barabara na nguo zangu za kanisani nikalia, kisha nikacheka, na mama mmoja aliyepita akaniuliza kama naumwa.

Sikumwambia mtu ofisini. Nilikwenda kwa Mama Taprandich tu, ambaye sasa alikuwa bibi anayetembea na fimbo, na bado alikuwa na ng'ombe.

"Kogo," nikamwambia, kama tunavyowaita bibi zetu, "nakuomba uwafungie ng'ombe hadi mkutano uishe."

"Wamekukosea nini tena?"

"Bado. Nawajua wakiona kijani."

Akasema atawakatia majani ya migomba.

Mkutano ukaitishwa pale pale juu ya mteremko, nyuma ya goli la juu. Koskei mwenyewe ndiye aliyepachagua, ili wakulima waone ardhi anayoisema. Walikuja wengi, wakaketi kwenye nyasi wametazama chini, na yeye akasimama mbele yao, mgongo ukiwa umeelekea uwanjani. Alieleza habari ya kuni vizuri. Lakini niliona watu hawamtazami yeye. Walikuwa wanatazama nyuma yake, na wazee walikuwa wananong'onezana wakinyoosha vidole. Mmoja akasema, "Hiyo ndiyo boksi ile ng'ombe ilizunguka," na kicheko kikapita chini kwa chini. Koskei akadhani wanacheka habari ya kuni, akaharakisha.

"Sasa tushuke pamoja," akasema, "niwaonyeshe shimo la kwanza litachimbwa wapi."

Akageuka, akaanza kuteremka kwa hatua zake ndefu, sisi tukimfuata. Akafika kwenye laini ya goli. Akasimama, akatazama viatu vyake. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi. Kisha akapinda. Akaifuata laini hadi kwenye kona, akapinda tena, akaanza kushuka na laini ya pembeni, na umati mzima ukamfuata kwa msururu, wanawake na vikapu vyao, wazee na fimbo zao, hakuna aliyeweka mguu ndani. Tulifika karibu na katikati ya uwanja ndipo Mama Taprandich akaita kutoka nyuma.

"Koskei, mbona tunazunguka? Si umesema hapa hakuna kiwanja?"

Msururu ukasimama. Koskei akatazama alikotoka, akatazama laini miguuni mwake, akatazama duara la katikati. Nadhani ndipo alipoiona kazi yote kwa mara ya kwanza. Boila ilikuwa ikipumua kule juu.

"Ni mzee," akasema mwishowe. "Angenipatia mkebe."

Waliomjua Mzee Nyamweya wakacheka, na wengine wao walikuwa wanapangusa macho. Koskei alicheka nao, lakini aliishia kuvua kofia, akaishika kifuani. Kisha akasema miche itapandwa kwenye mteremko wa mawe nyuma ya tangi la maji, na wakulima wenye nafasi mashambani wapande ya kwao wakiuzie kiwanda. Watu wakakubali, kwa mikono, papo hapo tulipokuwa tumesimama. Akanigeukia.

"Mama Chebet, sasa lete timu. Usiniaibishe."

Nikaleta. Vijana wa bodaboda walikuja kwanza, wakicheza na makoti yao ya kuakisi mwanga hadi nilipowakataza. Kisha wakaja wasichana, na wewe Faith ulikuwa miongoni mwao, winga wa kulia usiyempa mtu pasi. Mechi ya kwanza tulicheza na Mulot. Tulipanda mlima kipindi cha kwanza, mvua ikafika alasiri, na sitasema zaidi. Koskei alipiga laini kwa mkono wake siku hiyo, na majivu, si kitu kingine. Ilibidi Onsongo amwelekeze, akiwa ameketi kwenye kiti na mguu wake wenye chuma.

Yaliyobaki ni madogo. Nta ya kamba ipake upya kila baada ya masika. Wavu wa goli la chini uuvue mechi ikiisha, panya wa mtoni wanaupenda. Mipira ikiingia kwenye michai, mtu afuate mstari wa wachumaji, asiruke juu ya vichaka. Wachumaji ndio mashabiki wetu wakubwa na hawasamehe chipukizi lililovunjika. Kijiko cha kupimia majivu ni changu, lakini nimekiacha.

Jumamosi iliyopita, ya kwanza tangu nistaafu, nilishuka kuwatazama. Nilivaa viatu vya kanisani, nikabeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa ajili ya wachezaji. Ulikuwa upande wa pili, umeinama kwenye kona ya mto na mkebe wako, unatembea kinyumenyume. Nilifurahi nikasahau mambo yote, nikataka kukukimbilia. Nilikuwa nimeinua mguu ndipo ulipoinua kichwa na mkono.

"Mama Chebet, zunguka tafadhali."

Nikazunguka. Nilipita kona ya juu, nikapita nyuma ya goli, nikashuka na laini yote ya pembeni polepole na kibuyu changu, nikiitazama, na haikuwa imepinda hata mahali pamoja.